Dirisha la Nyumba Namba Nne

Jeshi liliijenga Ngome ya Ransley kulinda mpaka, likakaa pale miaka thelathini na moja, kisha mpaka ukasogea mbele na askari wakaufuata. Kwa jinsi tunavyosimuliana hapa kwetu, magharibi ya Texas, asubuhi askari walipoondoka, wafugaji wa kondoo walikuwa wameshapanga mikokoteni yao kando ya uwanja wa gwaride, wanangoja vyumba viwe wazi. Bendera ikashushwa, tarumbeta likapigwa, na kabla vumbi halijatulia watu walikuwa wanaingiza magodoro. Wakaishi humo karibu miaka tisini. Wengine walilala katika hospitali ya jeshi, wengine katika chumba cha kuokea mikate, na bibi yangu mzaa mama alizaliwa katika seli ya mahabusu. Alijivunia jambo hilo hadi siku zake za mwisho. Alikuwa akisema yeye aliingia jela bila kosa na akatoka kwa kutambaa.

Baadaye serikali ya jimbo ikanunua mahali pote, ikawahamisha watu, ikapafanya bustani ya umma. Mimi ni fundi mwashi wa bustani hiyo. Jina langu ni Encarnación Villalpando, lakini sijapata kusikia mtu akilimaliza, naitwa Chon. Kwa miaka ishirini na miwili kazi yangu imekuwa kuzizuia kuta zisianguke zaidi ya zilivyokwisha kuanguka. Ni kazi ya polepole. Unachanganya chokaa, unapachika jiwe, unarudi nyuma hatua mbili kulitazama, na ukija kuinua macho unakuta mchana umeshapita. Asubuhi za ukungu, ukungu hupanda kutoka mto San Ciro ukaujaza uwanja wa gwaride pomoni, na juu yake zikabaki dohani peke yake, kila moja na tumbusi wake aliyetanua mbawa zikauke. Siku kama hizo nimewahi kusimama na ndoo mkononi nisijue nilikuwa naelekea wapi, na wala sikusumbuka.

Mwaka ninaousimulia, mwezi wa pili, ilikuja barua kutoka makao makuu. Nyumba Namba Nne, iliyokuwa ya maofisa, irudishwe ilivyokuwa mwaka 1874. Maana yake ilikuwa kwamba jiko lililobandikwa nyuma yake libomolewe. Jiko lenyewe lilikuwa kibanda cha mbao za msonobari na paa la bati, kimeegemea ukuta wa mawe kama mtu aliyechoka. Lilikuwa limejengwa na mzee mmoja mfugaji, Lonnie Sparkman, zamani kabla ya vita kuu ya pili. Tangu familia yake ilipohama, sisi wa bustani tulikuwa tunawekea humo majembe na mashine ya kukatia nyasi. Msimamizi wetu, Bwana Tidwell, alitoa tangazo kwenye gazeti la wilaya kama sheria inavyotaka, akaniambia kazi ianze Jumatano.

Jumatatu asubuhi nikamkuta Doyle Sparkman ndani ya jiko.

Doyle ni mtoto wa mwisho wa yule mzee Lonnie. Wakati huo alikuwa na miaka sabini na tisa. Maisha yake yote alikuwa mchimba visima, na mikono yake ilikuwa imebaki imekunjika kidogo kama bado imeshika bomba. Alikuwa ameyatoa majembe yetu nje, ameyapanga vizuri ukutani, halafu akakunjua kiti cha turubai katikati ya jiko na kukaa, themosi ya kahawa upande huu na kopo la kutemea tumbaku upande ule.

"Chon," akasema, "nasikia unabomoa jiko la baba yangu."

Nikamwambia ni kweli, kuanzia Jumatano, na karatasi zimeshasainiwa.

"Basi nitakaa hapa mpaka Jumatano ipite."

Nikamkumbusha kwamba baada ya Jumatano kuna Alhamisi.

"Kahawa ninayo ya kutosha," akasema.

Bwana Tidwell akaja. Ni mtu mpole, amesomea historia, anaweza kukuambia koti la mpanda farasi wa jeshi lilikuwa na vifungo vingapi. Akasimama mlangoni na kofia mkononi, akaeleza kirefu kwamba wageni wanaokuja wana haki ya kuiona nyumba kama askari walivyoiona, na kwamba jiko hili, kwa heshima zote, halikuwepo. Doyle akamsikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza, kwa upole uleule, kama jiko halikuwepo, yeye hapa amekaa ndani ya nini. Bwana Tidwell akatazama bati juu, akatazama sakafu, akaniomba kando nimpigie simu dada yake Doyle.

Dada yake ni Bi Orlena. Nusu ya watu wa wilaya hii walifundishwa kusoma na Bi Orlena, na mimi ni mmoja wao, kwa hiyo hata leo nikisikia sauti yake huwa naficha mikono yangu nyuma. Nilipomweleza, hakushangaa. Aliuliza tu kama Doyle amevaa koti. Nikamwambia amevaa. Akasema basi mwache akae leo, kesho atakuja yeye.

Jumanne ilikuwa moja ya zile siku za Februari zinazojisahau zikawa za majira ya kuchipua. Ukungu ulikawia mpaka karibu saa nne, na ulipoyeyuka ukaacha joto laini, na nyuki wakatoka mapema wakawa wanazunguka kwenye nyufa za mawe kama waliopotea nyumba. Bi Orlena alifika mchana. Alikuwa na miaka themanini na miwili, amenyooka, mkononi ana kapu lenye mikate ya mahindi na mtungi wa maharage. Nikamletea kiti kutoka ofisini. Nikataka kuondoka, akaniambia nikae, kwa sababu mwenye kushika nyundo anapaswa kujua anachokipiga. Nikakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

Tukala. Kwa muda mrefu walizungumza mambo ya goti la Doyle na ya jirani aliyenunua punda. Halafu Bi Orlena akafuta vidole vyake, akasema bila kubadilisha sauti kwamba barua ya makao makuu haikujileta. Yeye ndiye aliyeiomba. Alikuwa ameandika barua tatu kwa miaka miwili kutaka jiko liondolewe.

Doyle akaacha kutafuna. "Wewe?"

"Mimi."

"Jiko la baba."

"Jiko la baba," akasema Bi Orlena. "Lina joto la tanuru wakati wa kiangazi, moshi hautoki, na kidirisha chake kimoja kinatazama banda la kuku. Mama alisimama humu miaka thelathini anatazama makalio ya kuku. Wewe ulikuwa nje na baba. Mimi nilikuwa humu, naosha vyombo."

Akaeleza. Ukuta ule wa mawe ambao jiko limeegemea ulikuwa na dirisha zamani, dirisha refu la maofisa, linatazama mtoni. Baba yao aliliziba kwa mawe, akajenga jiko mbele yake. Mama yao, Bi Ina, aliolewa akaletwa katika nyumba ile akiwa na miaka kumi na tisa, na kitu cha kwanza alichokipenda kilikuwa dirisha hilo. Alimsimulia Orlena mara nyingi jinsi jioni mwanga wa maji ulivyokuwa unapanda ukapita dirishani na kucheza juu ya dari. Na alipougua ugonjwa wake wa mwisho, akiwa mjini nyumbani kwa Orlena, alimshika mkono akasema: lile dirisha, ungelifungua.

"Nilimwambia nitalifungua," Bi Orlena akasema. "Ni miaka arobaini na moja sasa. Baba alimnyang'anya mwanga kwa sababu ya ubishi wake tu, ati jua la jioni linaingia. Sitaki kufa kabla sijaona hilo banda lake liko chini."

Doyle alichukua kopo, akalizungusha mkononi, akaliweka chini bila kutema. Nje, kamba ya bendera ilikuwa inagonga mlingoti polepole, ka, ka, ka, kama inavyogonga kila siku, ila siku hiyo niliisikia.

"Halikuwa jua," akasema mwishowe.

Dada yake akangoja.

"Unamjua Weldon."

Bi Orlena akasema anamjua, kwani si ndiye yule mtoto wa kwanza, aliyekufa kwa homa kabla wao hawajazaliwa, na jiwe lake liko kwenye makaburi ya ngome pamoja na ya askari. Kila mwaka wao walikuwa wanapeleka maua.

"Hakufa kwa homa. Alikuwa na miaka mitatu. Mama alikuwa anaanika nguo, Weldon akashuka mtoni."

Akasimulia bila kumtazama dada yake. Baba yao alimwambia habari hii mara moja tu, ndani ya gari, wakirudi kutoka mnada wa kondoo, mwaka mmoja kabla ya kufa. Alimwapisha asimwambie Orlena, kwa sababu Orlena angemuuliza mama, na mama hakutakiwa kuulizwa. Baada ya mazishi, Bi Ina alikuwa akisimama kwenye dirisha lile tangu kunakucha mpaka giza. Hakupika, hakusema. Alikuwa anatazama maji. Lonnie akirudi kutoka machungani anamkuta palepale, na siku moja alimkuta nje, katikati ya njia ya mtoni, amevaa gauni lake la harusi, na alipomuuliza anakwenda wapi akasema ameitwa. Siku ya pili yake Lonnie alianza kubeba mawe. Aliliziba dirisha kwa siku moja. Jiko alilijenga kwa majuma mawili, mbao akizikopa kwa jirani, na hakuliwekea dirisha upande wa mto.

"Alichotaka kuziba ni mto," Doyle akasema. "Alijua mama atamchukia. Aliniambia, bora anichukie akiwa jikoni."

Nilikuwa natazama ncha za viatu vyangu. Nyuki mmoja aliingia, akauzunguka mtungi wa maharage, akatoka. Kisha Bi Orlena akauliza kitu ambacho sikukitegemea. Aliuliza gauni lilikuwa rangi gani, maana yeye hakuwahi kuliona. Doyle akasema baba hakumwambia.

"Na wewe umelibeba hilo peke yako miaka yote hii," Bi Orlena akasema. "Mjinga wewe."

"Niliapishwa, dada."

"Najua. Ndiyo maana nasema."

Joto la bati lilitushukia. Doyle aliegemeza kichwa chake kwenye ukuta wa mawe, kofia ikamfunika macho, na baada ya kidogo tukamsikia anapumua kwa kina. Bi Orlena naye akafumba macho. Nilibaki peke yangu macho, au nadhani nilikuwa macho, kwa sababu mwanga ulioingia mlangoni ulikuwa umekuwa wa dhahabu na mzito, na vumbi lilining'inia ndani yake bila kushuka, na nilihisi kama jiko limejaa watu waliokuwa wanapita taratibu kati yetu, wanakwepa viti, wanaendelea na kazi zao. Sikuogopa. Nilivuta miguu yangu ndani ili nisiwakwaze.

Doyle alipoamka aligeuka kuutazama ukuta aliokuwa ameuegemea.

"Nimemwota mama," akasema. "Amesimama hapa, mgongo kwangu, ameweka kiganja kwenye jiwe. Hivi." Akaweka kiganja chake kilichokunjika. "Nikamwambia, mama, umesikia baridi? Akasema hapana, ninasikiliza." Akapangusa uso. "Lakini si ndoto yote. Alikuwa anafanya hivi kweli. Nilikuwa mdogo, narudi kutoka nje, namkuta amegusa ukuta. Nilidhani anapasha mkono moto, kwa sababu jiko la kuni lilikuwa hapa karibu."

Bi Orlena alisema naye alimwona akifanya hivyo, mara nyingi.

"Alisema mwenyewe kwamba anataka lifunguliwe? Akiwa na akili zake?"

"Alikuwa na akili kuliko wewe na mimi. Aliniambia, nimeshakuwa mzee, hakuna wa kuniita tena, nataka kuona maji tu."

Doyle alitikisa kichwa polepole kukubali, akaanza kukunja kiti chake. Kilimchukua muda, kwa sababu chuma kilikuwa na kutu na vidole vyake havikumtii, na dada yake hakumsaidia, alimwacha amalize. Akaniuliza mbao zitapelekwa wapi. Nikasema hutupwa. Akasema basi zisitupwe.

Jumatano nilianza saa mbili asubuhi. Bwana Tidwell alikuja na kamera yake, kwa kuwa kila kitu lazima kipigwe picha kabla na baada, lakini Bi Orlena alimwomba angoje kidogo, akaingia ndani peke yake, akatoka baada ya dakika chache. Sikuuliza alifanya nini. Niliondoa bati kwanza, moja baada ya jingine, halafu mbao. Lonnie Sparkman alikuwa amepigilia misumari mingi kupita kiasi, mitano mahali ambapo miwili ingetosha, na kila nilipoing'oa nilimfikiria mtu yule akigonga, akigonga, na mkewe yuko upande wa pili wa ukuta. Doyle alikuwa anazipokea mbao na kuzipanga kwenye gari lake dogo la mizigo. Kufikia mchana jiko lilikuwa limekwisha, na pale lilipokuwa pamebaki mstatili wa udongo mkavu ambao haukuwa umenyeshewa mvua kwa zaidi ya miaka themanini.

Kisha nikachukua tindo na nyundo nikaingia ndani ya nyumba. Sasa umbo la dirisha lilionekana wazi, mawe yake yamepangwa na mtu asiye fundi, udongo mwingi, jiwe kubwa juu ya dogo. Nililitoa la kwanza kwa juu, na mwanga ukaingia mwembamba kama kisu. Bi Orlena alikuwa amekaa kwenye kiti katikati ya chumba cha maofisa, kati ya meza ya jeshi na kitanda cha maonyesho, na mwanga ukamwangukia magotini. Akausogezea mkono. Nikaendelea, jiwe baada ya jiwe, na Doyle akawa anayachukua kutoka mikononi mwangu na kuyaweka chini bila kelele, kama vitu vinavyoweza kuamka.

Saa tisa dirisha likawa wazi. Wakaja wote wawili wakasimama mbele yake.

Mto haukuonekana. Katika miaka themanini ile mipekani, ile miti mikubwa ya kokwa tunazopikia pai, ilikuwa imeota kando yote ya maji na kurefuka kuliko nyumba, matawi matupu ya Februari yamesongamana, na nyuma yake ulionekana ukungu wa kijivu tu.

"Basi uko wapi huo mto?" Doyle akauliza.

"Upo hapo," dada yake akasema. "Nyamaza utausikia."

Tukanyamaza, na Bwana Tidwell na kamera yake naye akanyamaza. Mwanzoni nilisikia kamba ya bendera. Halafu upepo ukageuka, na kweli ukasikika, chini, mbali, maji yanapita juu ya mawe, sauti ndogo isiyo na haraka. Bi Orlena aliweka kiganja kwenye kizingiti cha dirisha. Doyle akavua kofia. Walikaa hivyo hadi jua lilipopita upande wa pili wa mipekani, na hapo, kwa muda mfupi sana, kati ya matawi, kitu kikameta. Niliona midomo ya Doyle ikitaja jina, nikageuka nikaanza kufagia.

Nyumba Namba Nne sasa iko mwaka 1874, na wageni wanaipenda. Dirisha nililitia fremu mpya na vioo vya namna ya zamani, vile vyenye mawimbi, kwa hiyo ukitazama nje miti yote inaonekana kama iko chini ya maji. Siku za Ijumaa Bi Orlena huja akakaa pale saa mbili au tatu. Bwana Tidwell alimpa beji ya kujitolea ili asilipe kiingilio, na wageni wakimuuliza kuhusu maofisa, yeye huwaambia habari za maofisa hazijui, lakini anaweza kuwaeleza habari za mwanamke mmoja aliyeitwa Ina na mwanawe Weldon, kama wana nafasi. Wengi huwa nayo. Nimewaona wakitoka humo wanatembea polepole kuelekea mtoni, bila kuangalia ramani waliyopewa langoni.

Doyle alichukua kila ubao na kila bati. Mwezi wa nne alinipigia simu niende kwake nikamsaidie kupandisha paa. Alikuwa amelisimamisha jiko la baba yake nyuma ya nyumba, kwa vipimo vilevile, misumari mingi vilevile, ila upande wa magharibi alikuwa ameacha uwazi mkubwa kwa ajili ya dirisha, ambapo hakuna mto wala chochote, ni malisho tu mpaka upeo wa macho. Nikamuuliza ataweka nini humo. Akasema hajui bado. Tukapandisha bati, kisha tukakaa ndani kwenye viti vya turubai, tukanywa kahawa tukitazama nyasi zinavyoinama na kuinuka, na mimi nilikuwa na kazi nyingine alasiri ile lakini sikwenda.